Sista Tuliyemsingizia Maji Baridi

Ukifika Mafinga leo, mtaa wetu ule wa karibu na viwanda vya mbao, ukamuuliza mwanamke yeyote aliyezalia pale habari za Sista, atakwambia mambo mawili. La kwanza, alikuwa mkali. La pili, alimnywesha mjamzito maji ya baridi mpaka mtoto akafia tumboni. Atakwambia huku anamenya viazi, wala hainui macho, kama anakuelekeza njia ya kwenda stendi. Habari hiyo nimeisikia saluni, nimeisikia msibani, nimeisikia mpaka ndani ya chumba changu cha kushonea, mteja kasimama mbele yangu nampima kiuno. Kila nikiisikia damu inanichemka. Mjamzito huyo wanayemsema ni mimi, na maji hayakuniulia mtoto.

Alikozaliwa Sista sijui vizuri, na sijawahi kuuliza. Akitaka kushukuru alisema "ndaga", basi sisi tukajua ni mtu wa upande wa Tukuyu, ikatutosha. Hakuwa mtawa. Alikuwa Mlutheri mwenye mume na watoto, mkunga wa zahanati yetu kwa miaka mingi, na hilo jina la Sista lilimganda hata watu wazima wakawa hawajui lingine. Alikuwa mfupi, mpana, anatembea haraka, na shingoni alining'iniza futikamba ileile ninayotumia mimi kupimia nguo. Siku ya kwanza kuniona nayo alicheka. Akasema, "Fundi, wewe unapima nje, mimi napima ndani." Tangu siku hiyo hakuniita jina lingine, nikawa Fundi mpaka leo.

Siku ya kliniki alikaa na ndoo ya maji yaliyochemshwa yakapoa, na kikombe kikubwa cha bati. Hukupanda kitandani kupimwa kabla hujamaliza kikombe mbele ya macho yake. Mnaijua baridi ya Mafinga, hasa mwezi wa sita na wa saba. Mtu anaamka, anakunywa chai, mchana chai, jioni chai, na maji ya kunywa anayaogopa kama anaambiwa aogee barafu. Akina mama walilalamika weee. Mmoja alisema meno yanamuuma, mwingine akasema mtoto ataganda. Sista hakujali. "Mtoto wako anaogelea kwenye nini, supu? Kunywa." Yeye mwenyewe sikuwahi kumwona akinywa maji hata siku moja. Alikunywa chai ya rangi yenye sukari ya kukata koo, na ukimuuliza anakujibu, "Mimi nina mimba?"

Tabia yake nyingine iliwaudhi watu zaidi. Alikuwa anakwambia umwage mkoba wako mezani. Kila mjamzito, awe mke wa mwalimu au muuza mboga, alimwaga vyote: kitambaa, kadi, karanga, vidonge, vijichupa vya dawa za mizizi, kila kitu. Alisema, "Usinieleze ulichokula, nionyeshe unachomeza." Alitupa vitu vingi kwenye ndoo ya taka. Vidonge vya maumivu ndivyo alivyovichukia kupita kiasi, hizi diklofenaki tunazonunua dukani kama pipi. Alitueleza, na alitueleza zaidi ya mara moja, kwamba mimba ikishakuwa kubwa dawa hizo zinapunguza mkojo wa mtoto, na ule mkojo wa mtoto ndio maji yanayomzunguka humo ndani. Tulicheka tuliposikia habari ya mkojo. Wanawake wazima, tunaziba midomo kwa vitenge, tunacheka. Laiti angetuchapa.

Mtu mwenyewe aliyetaka ukweli hivyo alikuwa mwongo wa hali ya juu. Akimwona mama mkwe kamleta mkaza mwana, anaanza: "Mama, shikamoo. Kuna waraka umetoka serikalini." Hakukuwa na waraka wowote. Mara waraka unasema mjamzito wa miezi saba habebi kuni. Mara waraka unasema alale kwa ubavu wa kushoto, asiamshwe mapema. Kuna mwaka waraka ulisema maji ya bombani achote mume, na nakwambia, wanaume wa mtaa wetu walionekana na ndoo. Mama mkwe wangu mimi, mwanamke asiyemsikiliza hata mchungaji, aliusikiliza waraka. Aliniambia kwa sauti ya kunong'ona, "Mwanangu, mambo ya serikali hayo, usije ukatutia matatani." Sista nilipomsimulia alijishika tumbo kwa kucheka.

Ulimi wake, basi, siutetei. Ulikuwa mbaya. Alimwambia binti mmoja mbele ya foleni nzima kwamba nguo yake ya ndani inanuka, kumbe alikuwa anachunguza kama chupa inavuja. Baridi ya kwetu inamfanya mtu aende haja ndogo kila saa, kwa hiyo maji ya uzazi yakianza kuvuja kidogo kidogo mwanamke anadhani ni mkojo, anavaa kitenge cha pili juu ya cha kwanza, ananyamaza wiki nzima. Sista alilijua hilo. Ndiyo maana aliuliza na kunusa na kutazama. Lakini yule binti hakurudi tena kliniki, akaenda kujifungulia kwao. Sista alipoambiwa, alikaa kwenye benchi la nje akasema, "Nimeharibu," akalia waziwazi, halafu akaingia ndani akamgombeza mwingine. Mtu wa hivyo utamfanyaje? Nilimpenda, na kuna siku nilitamani kumfungia chooni.

Sasa nieleze langu, maana nimelizungukia vya kutosha.

Ilikuwa Januari, miaka kumi na moja imepita. Januari kwa fundi ni sare za shule. Nilikuwa na mimba ya kwanza, miezi saba imeingia, na nilikaa kwenye cherehani tangu asubuhi mpaka kiuno kikawa hakinyooki. Nikaenda duka la dawa. Yule muuzaji alinitazama na tumbo langu lote lile, akanipa diklofenaki bila hata kuuliza. Nilimeza wiki ya kwanza, zikanisaidia, nikaongeza. Siku ya kliniki nilizitoa mkobani nikaziacha kwenye droo ya cherehani, kwa sababu nilijua nitaambiwa nimwage. Nilijiona mjanja.

Sista alipima kwa futikamba, akaangalia kadi yangu, akapima tena. Tumbo halikuwa limekua tangu mwezi uliopita. Akashika huku na huku, taratibu, na kwa mara ya kwanza sikumsikia akigomba. Alisema anamsikia mtoto karibu mno, viungo vyake anavishika kama vimefungwa kwenye kitambaa chembamba. Aliniuliza kama kuna maji yananivuja. Nikasema hapana, na kweli hayakuvuja. Akaniuliza kama kuna dawa nameza. Nikasema hapana. Akaniuliza tena, nikasema hapana. Akaniuliza mara ya tatu kwa jina langu la ubatizo, hilo ambalo hakuwahi kulitumia, nikamwangalia usoni nikasema, "Sista, hapana."

Akaandika rufaa. Akanieleza kama anavyomweleza mtoto wa chekechea: maji ya mtoto yanaonekana kupungua, hapa hatuna kipimo cha kuona ni kwa kiasi gani. Kesho asubuhi panda gari uende Iringa, hospitali, wakupige utrasaundi. Wakikulaza, lala. Wakisema mtoto atolewe mapema, kubali. Maji ya kunywa, kunywa mengi, yanasaidia kidogo, ila siyo matibabu ya kukaa nayo nyumbani. Ukiona mtoto amepunguza kucheza, usingoje hata kuchemsha chai. Nikasema nimeelewa. Niliporudi nyumbani mume wangu akauliza, "Sista kasemaje?" Nikajibu, "Amesema ninywe maji."

Nilikuwa na sare hazijakamilika. Hiyo ndiyo sababu, sina nyingine nzuri zaidi. Nilijiambia nitaenda Iringa nikimaliza sare, karatasi ya rufaa nikaiweka chini ya vitambaa. Nikanywa maji kwa bidii, jagi asubuhi, jagi jioni, mama mkwe ananitazama kwa wasiwasi. Na vidonge nikaendelea navyo. Siku ya nane mtoto akatulia. Nilisema amelala. Siku ya tisa nikapelekwa Iringa kwa gari la kukodi, na daktari akageuza ile skrini upande wake ili nisiione.

Alikuwa wa kiume.

Labda angekufa hata ningekwenda siku ileile. Sista mwenyewe aliniambia baadaye kwamba hakuna wa kuapa. Lakini msibani, mimi nimelala kwenye mkeka nimefunikwa, nilimsikia mama mkwe anawaeleza waombolezaji. "Ni yale maji. Jagi zima la maji baridi, na baridi ya huku, mtoto atavumilia wapi? Yule Sista ndiye aliyemwamuru." Wanawake wakaitikia mmoja baada ya mwingine. Nilikuwa macho. Nilisikia kila neno, na sikufunua shuka.

Wiki tatu baadaye tukaitwa kwenye kamati ya zahanati. Mwenyekiti, wajumbe, mchungaji, mama mkwe, mume wangu na mimi. Mama mkwe alisema yake yote. Mwenyekiti akamgeukia Sista: "Wewe ulimwambia nini huyu mama?" Sista alikuwa na kitabu cha rufaa mapajani, kile chenye nakala ya kila karatasi anayotoa. Alikifungua. Nililiona jina langu kwa maandishi yake ya bluu, na tarehe, na Iringa. Akanitazama. Mume wangu alikuwa pembeni yangu, amekunja ngumi juu ya goti tangu tuingie, na Sista akaiona ile ngumi. Akafunga kitabu. Akasema, "Nilimpa maelekezo. Nilimwambia anywe maji." Basi.

Hapo ndipo hasira yangu inapokosa pa kukaa. Namkasirikia muuza dawa, ambaye mpaka leo duka lake limejaa watu. Namkasirikia mama mkwe, aliyesema asichokijua kwa sauti ya mtu aliyeona. Naikasirikia kamati, watu wazima sita, hakuna hata mmoja aliyesema, "Hebu tukione hicho kitabu." Namkasirikia na Sista, ndiyo, naye pia: nani alimtuma anibebee? Nilikuwa na mdomo. Nilikaa nao umefungwa nikaangalia sakafu, na mwanamke aliyetusaidia kuzaa mtaa mzima akaondolewa wodi ya wazazi, akapelekwa chumba cha kufunga vidonda. Kliniki ya wajawazito ikaletewa kijana mpole, mwenye maneno matamu, asiye na ndoo ya maji wala kikombe. Watu wakasema afadhali.

Nilipopata mimba tena, miaka miwili baadaye, hakuja kuniuliza hali. Alinikuta sokoni akanishika mkono mbele ya wauza nyanya. "Unameza nini?" Nikasema, "Simezi kitu, Sista. Safari ile nilikuwa nameza diklofenaki." Ndivyo nilivyokiri, katikati ya nyanya. Hakushtuka. Akasema, "Kesho saa moja stendi." Aliomba ruhusa kazini akanipeleka Iringa yeye mwenyewe, na tulirudi kule mara nne zaidi mpaka nilipojifungua. Njia nzima alilala, akakoroma, akaamka kunigombeza kwa sababu sikuja na sweta. Binti yangu huyo yuko darasa la tatu. Mama mkwe alimshukuru Mungu, akamshukuru daktari wa Iringa, akamshukuru mchungaji. Na mimi, je? Nilipika pilau ya ubatizo, nikanyamaza vilevile.

Na unajua kinachonichoma zaidi? Baada ya Sista kustaafu na kuhamia Mbeya kwa mwanawe, wanawake haohao wa mtaa wetu wakaendelea kumpigia simu. Mtoto ana homa, Sista tufanyeje? Binti yangu miguu imevimba, Sista tufanyeje? Anawajibu, anawagombeza, wanafuata. Wakikata simu, mgeni akiuliza huyo ni nani, wanamwambia: ni mkunga mmoja hivi, alimnywesha mtu maji, mtoto akafa.

Mwaka huu nilipeleka sare za kwaya Mbeya. Nilikuwa na kilo mbili za majani ya chai ya Mufindi kwenye begi, na nia niliyoibeba miaka yote ya kumwomba msamaha. Nikauliza, nikaelekezwa Ilomba, nikaikuta nyumba. Sista amezeeka, goti linamsumbua, lakini alinifungulia mlango na kusema, "Fundi, umenenepa," kana kwamba tuliachana juzi. Mkwewe alitoka jikoni kunisalimia, binti mpole, mimba ya miezi minane. "Shikamoo, mama." Mwanawe Sista alikuwa safarini Tunduma na lori.

Nilimfuata binti jikoni kumsaidia chai. Nikamuuliza anaendeleaje. Akasema kliniki walimwambia maji ya mtoto yamepungua, wakampima kwa utrasaundi, wakamwambia arudi baada ya siku tatu wampime tena. Siku tatu ziliisha jana. "Na mtoto anacheza?" Akajishika tumbo. "Tangu asubuhi ametulia kidogo. Nakunywa maji, atachangamka tu. Nitaenda Jumatatu." Nikamuuliza mama mkwe wake anasemaje. Akapunguza sauti, ila nyumba yenyewe ni ndogo, kila kitu kinasikika sebuleni. "Mama anataka twende leo hii, tangu asubuhi ananisumbua. Lakini mama, nikwambie kitu. Kuna dada kanisani ametokea Mafinga. Ameniambia huyu mama aliwahi kumuulia mtu mtoto kwa mambo hayahaya ya maji. Alifukuzwa wodini. Sasa mimi nimsikilize vipi?"

Nilimwona Sista kupitia mlango. Alikuwa amekaa, mikono mapajani, anatazama ukuta. Alikuwa amesikia. Alikaa vilevile kama siku ile ya kamati, mdomo kaufunga, ananilinda bado, mpaka mbele ya mjukuu wake aliye tumboni.

Nikaweka sufuria chini. Nikasema, "Aliyefiwa na mtoto ni mimi. Huyu mama aliniandikia rufaa niende Iringa kesho yake, sikwenda. Nilikunywa maji nikakaa nyumbani, kama wewe unavyofanya sasa. Wakamsingizia yeye, nikawaacha wamsingizie." Binti akanitazama, akamtazama mkwewe pale sebuleni. "Kweli, mama?" Sista alikuwa ameshainuka na goti lake bovu, anatafuta viatu. "Vaa sweta," alisema.

Hospitali walimlaza binti kitandani, wakaweka kile chombo tumboni, na kwa muda sikusikia kitu ila mkwaruzo. Kisha mapigo yakasikika, ya haraka, dhaifu kidogo, lakini yapo. Daktari akasema maji yamebaki machache sana, hawasubiri, wanampeleka chumba cha upasuaji sasa hivi. Tulikaa kwenye benchi, mimi na Sista, mpaka muuguzi akatoka akatuambia ni wa kike, mdogo, analia. Sista akasema "ndaga" mara nyingi, kwa sauti ndogo, akajifuta uso kwa ncha ya khanga.

Nikaanza ile hotuba yangu ya msamaha niliyoibeba kutoka Mafinga. Akanikatisha kwa mkono.

"Maneno uliyosema jikoni," alisema. "Nimeyahesabu. Hayakufika hata dakika. Miaka kumi na moja, Fundi, na hayakufika hata dakika."

Akanyoosha lile goti bovu, akalisugua.

"Mimi usiniombe msamaha," akasema. "Mimi nilikuwepo, najua kilichotokea. Kawaambie wao. Na uanze na mama mkwe wako."

Kesho yake niliteremka stendi ya Mafinga saa nane mchana, nikapitiliza nyumbani kwangu bila kuingia. Nilimkuta mama mkwe uani kwake anapepeta maharage, na majirani wawili wamekaa naye. Sikungoja waondoke.